Skrubu ya Kumi na Mbili

Fundi wa Mtwara mjini aliibonyeza mara mbili,
akaitega sikio kama mtu anayechagua dafu,
akasema: Dada, hii tuizike.
Laki mbili na themanini, au utafute nyingine.
Kompyuta mpakato, nami nikaipakata kweli
ndani ya kanga, hadi Kitangari.

Humo mlikuwa na kilo za watu.
Za Bi Somoe Nampoto, mia nne na kumi na mbili,
za Mzee Chilumba, anayebishia kila gunia,
za ndugu wawili waliorithi mikorosho na ugomvi.
Msimu mzima wa chama cha msingi
umelala ndani ya kitu kinachovuma, kinachemka,
kisha puu, giza,
kama msemaji aliyekatwa kauli.

Nikanunua bando la usiku,
lile la kuanzia saa sita, la wasio na usingizi.
Kwenye simu ikaja mikono.
Haikuwa na uso wala jina,
ukucha wa dole gumba umepasuka,
na mwenyewe anaongea lugha nisiyoijua.
Lakini bisibisi haina kabila:
kushoto hulegea, kulia hukaza.

Nilipasua boksi la viuatilifu,
nikachora juu yake umbo la kompyuta,
na kila skrubu nikaichomeka pale ilipotoka.
Kumi na mbili.
Nilizihesabu kama ninavyohesabu magunia, kwa sauti,
ili shahidi awepo,
hata kama shahidi ni mjusi wa ukutani.

Mikono ikaonyesha: betri kwanza.
Nikatoa betri.
Mikono ikaonyesha: taratibu, usilazimishe.
Nikalazimisha kidogo.
Kitu kikalia ka!
nikatulia kama aliyekanyaga yai la jirani.

Ikafika kwenye feni.
Hapo picha ikaganda,
vidole viwili vimening'inia hewani na waya mwembamba,
na ujumbe ukaingia, wenye adabu zote:
Ndugu mteja, umemaliza kifurushi chako.

Basi. Nikabaki na mikono yangu.

Nikaifungua feni mwenyewe.
Njano.
Njano tupu, imeshindiliwa kati ya mapezi yake
kama unga kwenye kona za kinu.
Salfa.

Mwezi wa sita, pampu zikianza kunguruma alfajiri,
sote tunaila: iko kwenye kope, kwenye mboga,
kwenye kurasa za daftari la mahudhurio.
Dirisha la ofisi halina kioo tangu nihamie.
Tulipuliza mikorosho isishikwe na ubwiri,
tukaiziba pua ile inayoandika mavuno.
Haikufa, jamani.
Ilikosa pa kuhemea.

Mswaki wa zamani wa mwanangu. Unyoya wa kuku.
Kisha dawa ya kupozea, elfu tano, kutoka Masasi,
kiasi cha punje ya choroko,
hilo mikono ilinionyesha kabla ya kuniacha.

Wakati wa kufunga, ya kwanza, ya tano, ya kumi na moja.
Ya kumi na mbili haina tundu.
Nikaligeuza boksi, nikajigeuza mimi,
mjusi akakataa kutoa ushahidi.

Nikabonyeza.
Kimya.
Kimya kirefu cha kutosha kuandaa barua ya kujiuzulu.
Halafu feni ikavuta pumzi, nyepesi, bila kukoroma,
na Bi Somoe akatokea kwenye kioo
na kilo zake zote, mia nne na kumi na mbili.

Asubuhi Mzee Chilumba akaiona ile skrubu mezani.
Hii je?
Imebaki, nikasema, lakini mashine inafanya kazi.
Akaichukua kwa ncha za vidole, akaigeuza juani.
Nilijua, akasema. Kuna kilo zangu hapa.

Tukaenda wote kuiweka juu ya mizani.
Mshale haukutikisika.
Akautazama muda mrefu sana,
akainama, akautazama kwa ubavu.
Hakuridhika.